Matonya na Mwanamke wa Dhahabu

Reli ilipofika Dodoma, Matonya alikuwa tayari mzee, na mkewe Tabu alikuwa kaburini tangu kiangazi. Watu walidhani alikwenda kuomba kazi kwa Mdachi kwa ajili ya rupia. Haikuwa hivyo. Nyumba yake ilikuwa imenyamaza mno. Asubuhi akiamka hapulizi mtu moto, haulizi mtu ng'ombe wamelalaje. Akaona afadhali akakae penye kelele.

Mdachi huyo alikuwa mpimaji wa reli. Watu walimwita Bwana Miwani. Nyumba yake ya mawe ilikuwa bado inajengwa, kwa hiyo alikaa katika tembe la Kigogo, lenye paa bapa la udongo na mlango mfupi, na kila siku alijigonga kichwa kwenye mlango ule ule. Kazi ya Matonya ilikuwa kuchanja kuni na kukaa mlangoni mbuzi wasiingie. Jikoni alikuwako Khamisi, mtu wa Kondoa, mpishi mzuri, ila mdomo wake haukuwa na kifuniko.

Jumapili Bwana Miwani hakwenda kazini. Alitandaza kitambaa cheusi mezani, akafungua kisanduku, akazipanga hela zake. Si rupia. Hela za dhahabu, ndogo lakini nene, kila moja na kichwa cha mtu. Zilikuwa za Warumi, watu waliotawala nchi nyingi zamani sana, enzi za Bwana Yesu na baada yake. Hakuwa na mwingine wa kumwonyesha, basi akawaita Khamisi na Matonya.

"Huyu Nero," alisema. "Alipunguza dhahabu katika kila hela, akidhani watu hawataona."

"Wakaona?" aliuliza Matonya.

"Wakaona."

Matonya akamtazama Nero. "Shingo yake kama fahali wa mtu mvivu," akasema.

Bwana Miwani alicheka. Akaeleza kuwa babu yake alikuwa mkulima kando ya mto Raini. Siku moja jembe likagonga chungu, na ndani ya chungu mkawa na hela hizi. Warumi walikuwa na kambi pale. Nyingine alizinunua mwenyewe, moja moja, kwa miaka, akijinyima tumbaku.

"Kumbe hao Warumi waliwatawala nyie," Matonya alisema.

Khamisi akaangalia dari. Bwana Miwani akavua miwani, akaifuta.

"Upande mmoja wa mto. Ng'ambo tuliwashinda."

"Wakaenda zao."

"Baadaye sana. Ndiyo."

"Wakasahau hela."

Khamisi akatoka haraka, akasingizia chungu kinaungua.

Katika hela zile moja ilikuwa na mwanamke. Nywele zake zilisukwa, na misuko imezungushwa utosini kama kata ya kubebea mtungi. Upande wa pili alisimama mtu wa kike ameshika mwenge. Matonya hakuuliza jina lake. Aliuliza nani alimsuka.

"Sijui," alisema Bwana Miwani. "Lakini najua nani alimweka hapa. Mumewe. Alikuwa mfalme, jina lake Antonino. Mkewe Faustina alikufa mfalme akiwa ndiyo kwanza ameshika nchi. Yeye akaishi miaka mingi baada yake, na miaka hiyo aliagiza hela zipigwe zenye uso wa mkewe. Za dhahabu, za fedha, za shaba. Akamjengea na nyumba ya kusalia. Mwanajeshi akilipwa, alilipwa Faustina. Mama akinunua unga, alinunua kwa Faustina."

Matonya akasogea karibu na meza. Kisha akasema, "Mumewe hakutaka awe yeye peke yake wa kumkumbuka."

Tangu siku hiyo, kila Jumapili, Faustina alikuwa wa kwanza kutolewa. Matonya hakumgusa. Aliinama na kutazama, mikono nyuma, kama mtu anayetazama ndani ya kisima.

Khamisi naye alipata la kusema. "Bwana, uangalie. Mzee huyu ameshaposa. Siku moja utaamka, mwanamke katoroshwa."

"Mahari yake ng'ombe wangapi?" Matonya aliuliza.

"Huna hao ng'ombe, mzee."

"Basi nitamtorosha."

Wakacheka wote watatu.

Ikafika Jumapili ambayo sakafu ya tembe ilikuwa inasilibwa upya kwa udongo na samadi. Vumbi lilikuwa limezidi, na funza wameanza kumla Bwana vidole. Matonya alimwita Zipora, dada wa marehemu mkewe, kwa sababu Zipora alikuwa fundi wa sakafu. Asubuhi aliuchimbua udongo wa juu, akaulainisha kwa maji, akaenda kuchota samadi ya ng'ombe ya kusilibia. Bwana Miwani hakutaka kukosa Jumapili yake. Aliweka meza juu ya udongo ule ule uliolegea, akapanga hela. Mara ikaja habari kuwa tuta la reli limeporomoka. Akakunja kitambaa na kila kilichomo, akakitumbukiza kisandukuni, akakimbia. Zipora aliporudi aliisogeza meza, akasiliba sakafu yote, akaenda zake.

Asubuhi iliyofuata Bwana Miwani akafungua kisanduku. Nero yupo. Wenye ndevu wapo. Mwanamke hayupo.

Alitafuta mezani, kitandani, ndani ya viatu. Kisha akakumbuka mzaha. Akamwita askari.

"Sikumchukua," alisema Matonya.

"Wewe ndiye uliyesema utamtorosha."

Khamisi uso ulimshuka. "Bwana, ule ulikuwa mzaha. Mimi ndiye niliyeuanza."

"Mzaha wako ulinionya. Mimi sikusikia." Bwana Miwani hakupiga kelele. Alisema kama mtu aliyefiwa. "Kesho atakwenda bomani. Waseme wao."

Wote walijua boma lingesema nini. Hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na tano, na baada ya hapo mnyororo.

Matonya hakuogopa kiboko kama alivyoiogopa ile kesho. Kesho ndiyo ilikuwa siku ya kuondoa matanga ya Tabu. Pombe ya uwele ilikuwa imeshaiva, na pombe haimngoji mtu. Ndugu wa marehemu walikuwa njiani kutoka Mvumi. Bila mfiwa hakuna wa kunyolewa, na asiponyolewa mfiwa, msiba haujaondoka. Tabu angebaki nusu nusu, si wa nyumbani, si wa kaburini.

"Kesho naondoa matanga ya mke wangu," alisema.

"Kila anayekamatwa ana matanga," alijibu Bwana Miwani.

Askari akamfunga kwa kamba kwenye nguzo ya kibarazani. Jua likapanda. Khamisi alimletea maji mara kwa mara, na kila mara alisema, "Nisamehe, mzee," mpaka Matonya akamwambia, "Utanijaza maji nipasuke."

Mchana Zipora akaja na ndoo yake, kupaka sakafu mkono wa pili. Akamkuta shemejiye nguzoni.

"Shemeji, umefanya nini?"

"Nimekaa mlangoni."

"Na kwa hilo wamekufunga?"

"Wanasema nimemwiba mwanamke."

Zipora akamtazama juu mpaka chini. "Wewe? Mimi mwenyewe nimekuhangaikia mke mwingine tangu mavuno, umekataa hata kumwangalia." Akamgeukia askari. "Mfungue huyu, utachekwa."

Askari hakufungua. Zipora akaingia ndani akinung'unika, akapiga magoti, akaanza kupapasa sakafu yake kuona imekaukaje. Ilikuwa imeanza kukauka vizuri, isipokuwa mahali pamoja karibu na mguu wa meza. Pale palikuwa na ufa mwembamba, na udongo umeinuka.

"Nani kaniachia jiwe humu?" walimsikia akisema. "Watu watasema Zipora siku hizi anasiliba na mawe."

Akachokoa kwa ukucha. Kikatoka kitu kimejaa samadi. Akakitemea mate, akakifuta kwa nguo yake.

"Khamisi, njoo. Hiki nini?"

Khamisi akaingia. Hakusema neno. Na kwa kuwa Khamisi hakusema neno, kila mtu akajua kuna jambo. Bwana Miwani akakimbilia ndani, akajigonga kichwa mlangoni, akapiga magoti kwenye sakafu mbichi ya Zipora, suruali na yote. Akaipokea hela kwa mikono miwili.

"Imeharibika?" aliuliza Khamisi.

"Dhahabu haioni samadi," alisema Bwana Miwani.

"Samadi haijamharibu mtu," alisema Zipora. "Ila wewe umeniharibia sakafu. Ondoa magoti."

Akaondoa magoti. Akaenda kibarazani. Askari alikuwa akihangaika na fundo lake mwenyewe, Bwana Miwani akachukua kisu akaikata kamba. Akasimama mbele ya Matonya na magoti yake ya samadi. Akasema neno kwa Kidachi.

"Kasemaje?" aliuliza Matonya.

"Kwa Kiswahili ni refu," alisema Khamisi. "Kwa ufupi, anaona haya."

Bwana Miwani akaufungua mkono wa mzee, akamweka Faustina ndani yake. Matonya hakuwa amemshika kamwe. Alikuwa mzito kuliko alivyoonekana. Bado alikuwa na udongo kidogo kwenye misuko. Matonya akaupangusa kwa kidole gumba, akamrudisha.

"Sema unachotaka," alisema Bwana Miwani. "Nitakupa."

"Nataka kwenda nyumbani."

Akaenda. Njiani akakaa kwenye kichuguu, akacheka peke yake kidogo, akaendelea.

Siku ya pili ua wake ulijaa. Ndugu wa Mvumi walifika na vumbi lao. Mitungi ya pombe ikatolewa. Na kama desturi, mtani naye alikuja, Yahaya, Mnyamwezi aliyewahi kuwa mpagazi wa misafara akaishia kuoa Dodoma. Mtani ndiye mwenye ruhusa ya kufanya lolote msibani. Yahaya akaingia ndani ya nyumba bila hodi, akatoka amejifunga nguo ya Tabu, na mtungi wa Tabu kichwani.

Alitembea kama Tabu. Bega la kushoto chini, hatua fupi, kichwa hakisogei. Wanawake wakaanza kulia na kucheka pamoja. Yahaya akasimama mbele ya Matonya, mkono kiunoni.

"Matonya, ndama umemfunga?"

Ilikuwa sauti yake hasa.

"Nakuuliza wewe. Umemfunga kwa kamba, au umemfunga kwa maneno kama juzi?"

"Nimemfunga," alisema Matonya.

"Uongo. Namwona ananyonya. Na hiyo pombe ya ngapi?"

"Ya kwanza."

"Ya kwanza tangu lini?"

Watu walianguka kwa kicheko. Mzee mmoja wa Mvumi akamsahihisha Yahaya. Hapana, Tabu alipouliza vile aliinua na kidole. Mwingine akasema si kidole, ni mwiko. Zipora akasema nyie hamjui kitu, alikuwa anavuta pumzi kwanza, hivi. Kila mmoja alikuwa na Tabu wake, na kila mmoja alimtoa. Matonya aliwasikiliza wote. Naye akacheka nao.

Kisha Zipora akaleta maji na wembe, akamkalisha kwenye kigoda.

"Tulia, shemeji."

"Nimetulia."

"Hujatulia, unacheka."

Yahaya alikuwa bado anazunguka ua na mtungi kichwani, akiwakaripia kuku. Matonya alijitahidi kutulia, akashindwa. Zipora akamkata kidogo juu ya sikio, akamfuta damu kwa kidole, akaendelea kunyoa.