Siku tisa ambazo mfuaji wa hospitali hakupewa

Saa moja kasoro asubuhi. Kwenye chumba cha kufulia, nyuma ya hospitali ya umma, mwanamke wa miaka arobaini na minne anafungua mfuko wa kwanza wa mashuka machafu. Amevaa buti za mpira na glavu zinazofika kwenye viwiko. Analikung'uta kila shuka taratibu, maana siku nyingine hutoka sindano.

Wenzake humwita Mama Shuka. Kwa siku mashuka mia na themanini hupita mikononi mwake. Kabla ya kumimina dawa ya kuondoa madoa, anainamisha uso juu ya ndoo na kunusa.

"Nanusa kila siku," anasema. "Siku nisiposikia harufu naondoka, hata wakinifukuza kazi."

Miezi minane iliyopita, mfuaji mwenzake waliyekuwa wakikunja naye mashuka kwenye meza moja alipimwa akakutwa na ugonjwa. Siku hiyohiyo Mama Shuka na wenzake watatu walipelekwa karantini, katika bweni la chuo lililokuwa tupu. Kanuni ilikuwa siku kumi na nne.

Siku ya nne ukaja waraka. Mtumishi wa umma aliyekutana na mgonjwa angekaa siku tano tu, kisha arudi kazini mradi hana homa. Kupimwa tena hakukutajwa.

Bwenini watu walishangilia. Mzee mmoja, dereva wa gari la wagonjwa, aliusoma mara mbili kisha akauliza, "Na hiki kirusi nacho kimepelekewa nakala?" Walicheka mpaka wakashika mbavu.

Mama Shuka hakucheka. Nyumbani alikuwa na mama yake wa miaka sabini na mmoja, mwenye pumu, na walikuwa wakiishi chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Aliandika barua kwa mkono kuomba amalizie siku tisa zilizobaki palepale bwenini, hata bila chakula cha serikali.

"Nilijibiwa kwa mdomo," anasema. "Waraka ni waraka, mama. Fungasha."

Msimamizi wa kitengo hakatai. Anasema: "Nilikuwa na wafuaji saba, wanne wako karantini. Wagonjwa walikuwa wanalalia magodoro matupu. Na bweni liliamriwa lifungwe. Ningemweka wapi?"

Siku ya tano alipimwa joto, akaonekana hana homa, akasaini. Jioni alikuwa nyumbani. Alitandika mkeka karibu na mlango, akatenga sahani na kikombe chake, akalala na barakoa usoni.

"Mama alinisema sana," anakumbuka, na kwa mara ya kwanza anatabasamu. "Akaniambia, 'Wewe mtoto, mbona unanikimbia kama nina upele? Sogea nikuone.' Nikamwambia, mama, kaa hukohuko. Akasema, 'Nimekuzaa mimi, leo unanipangia pa kukaa?'"

Siku ya nne tangu arudi kazini, alimimina dawa kwenye ndoo asisikie chochote. Akainama zaidi. Macho yakawasha, lakini pua ilikuwa kimya. Akaketi juu ya mifuko ya mashuka.

Alipimwa, akakutwa na ugonjwa. Alipopiga simu nyumbani, mama alipokea huku akikohoa.

Mama alilazwa kesho yake, katika hospitali hiyohiyo. Binti alikuwa amefungiwa chumba cha wagonjwa jengo la pili, hakuruhusiwa kuvuka uwanja. Siku ya kumi na moja, muuguzi alikuja akasimama mlangoni bila kusema neno.

"Nilijua. Wauguzi huwa wanaongea tangu huko nje."

Hakuzika. Aliyezika ni dada yake mkubwa, na ndiye aliyempigia simu jioni ile. "Ulijua, ukarudi kwa mama," dada alisema. Yeye akajibu, "Si mimi, dada, ni waraka." Simu ikakatwa. Hawajazungumza tena.

Alijaribu kupitia kwa shemeji yake. Alimtumia nakala ya ile barua, ili dada aone kwamba aliomba asirudi. Shemeji akajibu kwamba dada ameisoma, akaikunja, akaenda kuosha vyombo.

Nani aliyempa mama ugonjwa? Daktari mmoja alimwambia haiwezekani kujua. Mtaa mzima ulikuwa unakohoa. Maneno hayo hayakumpa faraja.

"Ningejua ni mimi, ningelia yakaisha," anasema. "Ningejua si mimi, ningelala. Sasa niko katikati, na katikati hapalaliki."

Mwezi ujao ana likizo ya siku ishirini na nane, ya kwanza tangu msiba. Atasafiri kwenda kwa dada yake. Shemeji amemwambia, "Njoo, lakini sikuahidi kama atakufungulia."

Asipofungua, anasema, atarudi kesho yake, na keshokutwa.

Na akifungua?

Anafunga mlango wa mashine na kusubiri ianze kuzunguka.

"Miezi yote hii nimekuwa nikisema si mimi, si mimi," anasema. "Nataka nikae mbele yake nimwambie, dada, huenda ni mimi. Hilo sijawahi kulitamka. Halafu ninyamaze, aseme yeye."