Pikapu ya Kuvuta Nyumba

Mume wangu alipostaafu upolisi, nilidhani najua tutakachofanya na kiinua mgongo chake. Tulikuwa na kiwanja Rukoki, nje kidogo ya mji wa Kasese, na kwa muda mrefu nilikuwa nimeshaijenga nyumba yetu kichwani: sebule yenye madirisha mapana, jiko la nje, na ukumbi wa kukaa jioni. Maisha yangu yote ya ndoa yalipita kambini. Kitgum, Mbale, Masaka, kote tulipewa chumba kimoja au viwili, ukuta mmoja na jirani, bomba moja na kambi nzima. Uhamisho ukija unafunga godoro kwa kamba, unatia masufuria kwenye gunia, unapanda lori. Nilichoka. Nilitaka mahali ambapo nikipigilia msumari ukutani, hakuna atakayeniuliza.

Mimi ni Mkonzo wa Bwera, mpakani. Yeye ametoka mbali, upande wa Arua. Lugha zetu hazikutani popote, kwa hiyo tulichumbiana kwa Kiswahili, tukalea watoto kwa Kiswahili, na hata leo tukigombana tunagombana kwa Kiswahili cha kambini. Labda ndiyo sababu nilidhani hakuna jambo lake nisilolielewa.

Siku hiyo alirudi kwenye chumba tulichopanga mjini Kasese akiwa anatabasamu peke yake.

"Mama, nimenunua nyumba."

"Ya nani?"

"Yetu. Ina vitanda, ina jiko, ina choo ndani. Iko Hima."

"Hima? Na kiwanja cha Rukoki je?"

"Itakwenda Rukoki. Ina magurudumu."

Nilicheka, nikidhani ananitania. Hakuwa anatania. Kesho yake alinipeleka Hima, kwenye uwanja wa kampuni ya barabara iliyokuwa imemaliza kazi na kuondoka. Pale ilisimama nyumba nyeupe ya bati laini, ndefu kama basi, ambamo mhandisi mmoja mgeni alikuwa akiishi na mkewe. Ndani palinukia sabuni ya zamani. Kweli jiko lilikuwepo, na meza ya kukunja, na kitanda kilichowekwa juu, mahali pa mbele ambapo nyumba yote iliinuka kama mtu aliyenyanyua kidevu.

"Mbona imeinuka hivi?" niliuliza.

Alichuchumaa chini ya hicho kidevu akaniita. Palikuwa na chuma kinene kimening'inia, mfano wa msumari mkubwa usio na ncha.

"Hii haifungwi nyuma ya gari kama trela zile nyingine," alisema. "Hii inapanda juu ya mgongo wa pikapu. Pikapu inawekewa sahani ya chuma katikati ya bodi, pale pa kupakia mizigo, hiki chuma kinakaa ndani ya sahani, basi, mnaondoka. Kilichobaki ni pikapu tu."

Alisema "pikapu tu" kama mtu asemaye imebaki chumvi tu mchuzi uive.

"Mnaondoka kwenda wapi?"

"Popote."

Neno hilo lilinikaa kifuani siku nyingi. Miaka yote tuliyohamishwa nilimsikia akilaani uhamisho. Sasa hakuna wa kumhamisha, naye amenunua nyumba ya kuhamia popote. Nilijiuliza kama nimeolewa na mtu mwingine. Nilijiuliza pia kama hiyo "popote" mimi nimo, lakini hilo sikulisema.

Tulianza kutafuta pikapu pale pale Kasese, kwa dalali mmoja mwenye viatu vyeupe ambavyo sijui aliwezaje kuvitunza katika vumbi lile. Mume wangu alisisitiza niende naye.

"Mimi najua nini kuhusu magari?"

"Una macho. Utachagua wewe."

Dalali alitupokea vizuri. "Mama, hii gari ni kali sana," alisema akipiga boneti ya pikapu moja nyeusi, dabo kabin yenye viti safu mbili, inayong'aa. "Inavuta tani na tani."

"Kuvuta nimesikia," mume wangu alisema. "Kubeba je?"

Nilimwuliza tofauti ni nini. Akanielezea bila haraka, kama alivyokuwa akiwaelezea makuruta. "Ukimvuta mbuzi kwa kamba, hakulemei. Ukimbeba mabegani, unajua ana uzito. Nyumba yetu inafanya yote mawili. Tunaivuta, halafu ile pua yake iliyoinuka inatukalia mgongoni. Gari inaweza kuvuta vizuri na bado ikavunjika kiuno."

Hapo nilielewa. Lakini dalali akaingiza habari za difu, na gia, na kwamba dizeli si sawa na petroli ukipanda mlima, na kwamba breki za gari pekee hazitoshi, lazima trela nayo ifunge breki zake. Mume wangu akajibu kwamba simu yake inasema vingine. Wakabishana. Mimi nikabaki nimesimama katikati ya magari nikitikisa kichwa upande wa aliyekuwa anazungumza.

"Haya, mama," mume wangu akageuka. "Ipi?"

Nikaonyesha ile nyeusi. Viti vyake vilikuwa laini, na watoto wakija kutoka Kampala wangekaa nyuma vizuri. Sikuwa na sababu nyingine.

Dalali alikubali tukaijaribu kwanza. Fundi wa kuchomelea alikuwa ameshatengeneza ile sahani, akaifunga kwenye bodi kwa bolti, tukaenda nayo Hima. Mume wangu alirudi nyuma polepole, chuma kikaingia kwenye sahani kwa kishindo, na nyumba nzima ikaanza kutembea. Nilipiga makofi. Nakumbuka nilipiga makofi kabisa, mimi ambaye sikuitaka. Ilikwenda moja kwa moja mpaka mwisho wa uwanja. Kisha akakata kona.

Kona ya ile pua iligeuka ikaja mpaka kwenye kabini, bila kelele, halafu kioo cha nyuma kikapasuka chote. Dalali alishika kichwa kwa mikono miwili. Mume wangu alizima injini, akashuka, akasimama akitazama viti vile laini vilivyojaa vigae.

"Bodi ni fupi," alisema. "Dabo kabin imekula bodi. Tukikata kona, hakuna nafasi."

Tulilipa kioo. Nilidhani sasa ataacha. Niliomba aache, na wakati huo huo nilimwonea huruma jinsi alivyokaa usiku kucha akichora pikapu kwa kidole juu ya kitambaa cha meza.

Kaka yangu, ambaye anauza maharage Bwera karibu na soko la mpakani, alisikia habari zetu akapiga simu. Kiswahili chake ni cha upande wa pili wa mto wa mpaka, kwa sababu wateja wake wengi ni Wakongomani.

"Shemeji, mukuje huku. Gari iko. Ya mukubwa."

Tulikwenda Bwera. Gari yenyewe ilikuwa imeegeshwa nyuma ya maghala, pikapu kubwa ambayo sijawahi kuiona mfano wake, pana, na nyuma ina magurudumu mawili mawili kila upande. Mume wangu aliizunguka. Alipima bodi kwa mikono. Aliinama akatazama springi, akainuka macho yakiwa yamelowa kidogo, au labda ni jua.

"Ilitokaka Butembo," kaka yangu alisema. "Iko na nguvu ya tembo. Utavuta nyumba, utavuta na kanisa juu yake."

Mume wangu alifungua mlango akapanda. Akakaa. Kisha akashuka taratibu.

"Usukani uko kushoto."

"Sasa? Utazoea tu."

"Hapana. Hii ni ya barabara za kule. Mimi niliyesimamisha magari ya watu maisha yangu yote, leo nisimamishwe mimi, niulizwe usukani huu ni wa nchi gani? Hapana, shemeji."

Alipoondoka pale alitembea kama mtu anayetoka kumwona mgonjwa. Mimi nami nilihuzunika, na sikujua nahuzunikia nini. Lile gari lingemchukua popote alipotaka. Ilinipasa nifurahi.

Wakati tunarudi barabarani kaka yangu alikumbuka gari nyingine, ya mama mmoja mfanyabiashara aliyekuwa akishusha mbao na vitunguu kutoka Bwesumbu, milimani. "Ile iko muzee," alituonya. Kweli ilikuwa imezeeka. Kabini moja, kiti kimoja kirefu, milango imebonyea, rangi haijulikani kama ni kijani au bluu. Lakini bodi ilikuwa ndefu, na springi zilikuwa zimeongezwa kwa ajili ya mbao. Mume wangu alilala chini yake, ikabaki miguu tu nje. Tulimsikia akigonga vyuma. Alipotoka alimwomba kaka yangu alete magunia ya maharage kutoka ghalani, wakayapanga juu ya ekseli, mahali ambapo pua ya nyumba ingekaa. Pikapu haikuinama.

"Tuipeleke barabarani," alisema. "Mpaka Kikorongo na kurudi. Shemeji, wewe subiri hapa. Nataka niende na mama."

Tukaondoka wawili. Ilinguruma, ilinukia vitunguu, lakini ilikwenda. Ndani ya mbuga ya wanyama ambamo barabara inapita, nyati walikuwa wanavuka, tukasimama. Nyati hawana haraka. Ndipo nikaona kwamba nisipouliza hapo sitauliza tena.

"Afande," nilisema. Namwita hivyo nikiwa na hasira au nikiwa na hofu. "Unataka kwenda wapi?"

"Mimi? Sitaki kwenda mahali."

"Sasa pikapu ya nini? Nyumba ya magurudumu ya nini?"

Alikaa akitazama nyati.

"Huku ni kwenu," alisema mwishowe. "Ndugu zako wako huku, makaburi yenu yako huku, lugha ni yenu. Mimi maisha yote nimelala kwenye nyumba ya serikali. Mkubwa akisema hama, nahama. Sasa nijenge kwenye ardhi ya shemeji zangu. Ukitangulia wewe, mimi nitakaa Rukoki kama nani? Matofali hayabebeki."

"Nani atakufukuza? Kiwanja tulinunua wote wawili."

"Hakuna atakayenifukuza. Ndiyo maana sijui hata nimwombe nani ruhusa ya kukaa."

Miaka yote nilidhani ni mimi peke yangu niliyechoshwa na kambi. Nilikuwa nimepanga madirisha na ukumbi na mahali pa kuanika nguo, na sikuwahi kujiuliza yeye ataketi wapi ndani ya nyumba hiyo bila kujiona mgeni. Lakini hasira nayo haikuondoka.

"Na siku ukiivuta hiyo nyumba yako, mimi unaniacha kiwanjani?"

Alinigeukia kama mtu aliyesikia jambo jipya. "Ndiyo maana nakwambia uchague gari wewe. Nikichagua mimi, itakuwa gari ya kuondokea. Ukichagua wewe..." Hakumaliza. Nyati wa mwisho alikuwa amepita, na lori nyuma yetu lilikuwa linapiga honi.

Tulipogeuza Kikorongo nikamwambia, "Hii."

"Kwa nini hii?"

"Sijui."

Huo ndio ukweli. Hata leo nikiulizwa nilichagua kwa sababu ya springi au kwa sababu ya kile kiti kimoja kirefu ambacho watu wawili wanakaa bila kitu katikati, siwezi kusema.

Siku ya kuivuta, kaka yangu alitangulia akipakiwa kwenye bodaboda, akisimamisha magari kwa mikono miwili kama askari wa msafara wa waziri. Kutoka Hima mpaka Rukoki si mbali, lakini watu walitoka madukani kutazama. Kwenye kona ya kuingilia kiwanja nilifumba macho nikisubiri kioo. Hakikupasuka.

"Mlango utazame wapi?" mume wangu aliniuliza.

"Milimani."

Akageuza. Alasiri jua likaingia lote ndani, siagi ikayeyuka mezani. Akafunga tena pikapu, akageuza mlango utazame barabarani. Vumbi likaingia. Kaka yangu alikaa chini akacheka mpaka akalia, akasema hajapata kuona nyumba inayogeuzwa kama chapati. Mwishowe tuliiacha nyumba imekaa kimshazari, haielekei popote hasa, na humo tukaanza kuishi.

Kuhusu nyumba ya matofali hatukuzungumza. Lakini siku moja alileta mawe kutoka mtoni kwa ile pikapu, akayamwaga pembeni. Halafu mchanga. Sikuuliza, niliogopa jibu. Akaja na fundi mwashi, wakatembea kiwanjani wakinyoosha vidole, na mimi nikaendelea kumenya ndizi nikijifanya siwaoni.

Asubuhi moja nilitoka kuoga nikasikia injini. Pikapu ilikuwa imerudishwa nyuma chini ya pua ya nyumba, na chuma kimeshaingia kwenye sahani. Alikuwa anazungusha mpini wa kupandisha miguu ya trela, mgongo umenielekea. Nilichukua mkoba wangu, nikavaa kandambili, nikafungua ule mlango uliobonyea, nikakaa kwenye kiti.

Alipopanda upande wake alinikuta pale nimeshika mkoba mapajani.

"Unakwenda wapi?"

"Sijui. Unakokwenda wewe."

Alicheka, akajipangusa uso kwa kiganja.

"Naisogeza tu, mama. Fundi anataka nafasi ya kuchimba msingi wa ukumbi."

Nilipaswa kushuka. Sikushuka. Naye hakuniambia nishuke. Aliingiza gia ya kwanza, akatuvuta pamoja na nyumba na vyombo vyote vikigongana ndani, hatua chache mpaka kwenye migomba, akazima injini.