Ukurasa wa Mwokaji

Mama anayewatembeza wageni katika makumbusho ya magazeti hapa Bergen huzungumza kwa kupaza sauti, kana kwamba mtambo ulio nyuma yake bado unachapa. Mtambo wenyewe umenyamaza zamani, lakini kila akiupita huupigapiga mgongoni kama ng'ombe wa maziwa, kisha hufuta vidole kwenye aproni isiyo na hata doa la wino. Leo, wageni wakiwa bado wanakung'uta makoti yao ya mvua, mkurugenzi alimnong'oneza, "Mama, hawa ni wafadhili. Ule ukurasa wa mwokaji tuuruke leo, tafadhali." Yeye akaenda moja kwa moja kwenye ukurasa huo.

"Hapa," akanguruma, "tulitangaza kifo cha mwokaji Torleiv. Niliandika mimi, wala sikumpigia mtu simu kuuliza. Watu wakaenda dukani kwake na maua, wakamkuta anapanga mikate!" Wageni wakacheka, mkurugenzi akatazama viatu vyake. Mama akangoja kicheko kiishe, akafuta vidole. "Haya, mmeona tunavyokosea. Sasa nikiwaambia mengine, mtaniamini."