Kutoka Abandon Mpaka Zeal

Asmahani alikuwa mhudumu wa wodi katika hospitali ndogo ya watu binafsi kule Raskazone, na alikuwa amechoka. Si uchovu ule ambao mtu huulalia ukaisha. Ulikuwa uchovu wa miaka, wa kudeki, kubadilisha mashuka na kumwaga mabeseni ya wagonjwa, huku wasichana waliomkuta kazini wakienda masomoni na kurudi wauguzi, kisha wakimtuma. Alitaka kuwa muuguzi, basi. Chuo kilichokubali cheti chake cha kidato cha nne kilimpa sharti moja, afaulu mtihani wa Kiingereza, na Kiingereza chenyewe si hiki cha gudimoni. Mara mbili alikuwa ameufeli. Safari hii ilikuwa ya tatu, na chuo hakiruhusu ya nne.

Mwalimu wake alikuwa mama yake. Cheka ukitaka. Bi Khadija hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji, lakini alikuwa amesomesha madrasa Ngamiani mpaka miguu ilipomkatalia, na kutia maneno kichwani mwa mtu ndiyo iliyokuwa kazi yake. Alisema macho husahau, ulimi hausahau. Basi kila baada ya sala ya magharibi walikaa mkekani, Asmahani akafungua kitabu cha msamiati, wakaanza. Abandon, kutelekeza. Abundant, tele. Adequate, ya kutosha. Walikwenda hivyo kwa mahadhi, viwiliwili vikiyumba, mpaka herufi ya mwisho.

Haikuchukua muda mama akawa ameyahifadhi yote, maana na matamshi, matamshi yake mwenyewe lakini. Asmahani alikuwa akisinzia katikati ya herufi ya M, akaruka neno, naye mama akamgusa goti. "Rudi nyuma, mwanangu. Umeliruka moja." Asmahani alirudi. Siku nyingine alitamani kulia kwa usingizi, na bado alirudi, kwa sababu uso wa mama yake saa ile ulikuwa umechangamka kama zamani alipokuwa na fimbo mkononi na watoto mbele yake.

Aliyegundua kasoro ni Praxeda, muuguzi, binti wa wakata mkonge wa Muheza. Siku chache kabla ya mtihani, wakikunja mashuka, alimuuliza kwa utani maana ya reluctant. Midomo ya Asmahani ikaanza kucheza. Praxeda akasubiri weee, mwisho akamuuliza kama anaomba dua au anajibu. "Nisubiri," Asmahani akasema, "ndio kwanza niko kwenye H."

Praxeda alicheka, kisha akaacha kucheka. Maneno yote yalikuwamo, lakini yalikaa kwa foleni, na hakuna lililotoka mpaka yaliyo mbele yake yatoke kwanza. Alimshauri ayavuruge, ayasome ovyo ovyo, na amwambie mama yake wabadili mtindo. Kuyavuruga Asmahani alijaribu, akiwa anadeki, akiwa njiani, lakini kichwa kilichochoka kilirudi kwenye foleni yake. Kumwambia mama hakuweza. Angemwambia nini, kwamba alichosomesha maisha yake yote hapa hakifai? Jioni ile alikaa mkekani, akaanza na abandon.

Kwenye mtihani walipewa sentensi zenye mapengo. Ya kwanza ilihusu mgonjwa asiyetaka kumeza dawa. Asmahani alimjua mgonjwa huyo kuliko aliyetunga swali, na neno alijua liko wapi, liko huko chini kwenye R, reluctant, mwenye kusita. Akaanza safari. Alipofika, sentensi ilikuwa imemtoka, akaisoma upya, akaandika. Sentensi ya pili ikamrudisha mwanzo tena. Msimamizi alimwendea akamtaka aache kunong'ona, na alipofunga midomo, maneno nayo yakagoma. Karatasi zilipokusanywa, yake ilikuwa nyeupe zaidi ya nusu.

Matokeo yalikuja kwa simu, mchana, akiwa wodini. Alisoma ule ujumbe, akairudisha simu mfukoni, akaendelea kudeki kwa sababu sakafu ilikuwa bado. Ilimuuma mno. Machozi hayakuja, nayo yalikuwa yamechoka.

Nyumbani alimwambia mama yake kwamba hakupita. Bi Khadija alipapasa ukindu wa mkeka, kisha akauliza lile Asmahani alilokuwa akiliogopa.

"Hebu n'ambie kweli. Maneno tuliyosoma hayakutoka kwenye mtihani?"

"Yalitoka, mama. Yote."

"Basi mimi ndiye niliyekusomesha vibaya."

"Hapana," Asmahani akasema. "Ulinisomesha vizuri. Nilikuwa nimechoka tu."

Nusu yake ilikuwa kweli, na nusu hiyo ilitosha kuubeba uongo. Mama akashusha pumzi. Adhana ya magharibi ikaadhiniwa, wakasali, na walipomaliza Asmahani hakujua aende wapi na jioni yake. Mama akapiga mkeka kwa kiganja.

"Njoo tusome."

"Mtihani umekwisha, mama. Hakuna mwingine."

"Najua. Njoo tu. Ukichoka, ntakupokea."

Akaenda. Akaanza, abandon, kutelekeza, na kabla ya herufi ya D usingizi ukambeba, kichwa kikaangukia pajani kwa mama. Bi Khadija hakumgusa goti. Aliteremsha sauti, akalipokea neno pale lilipoachwa, akaendelea peke yake mpaka zeal, ari, na hakuruka hata moja.