Tupu Moja, Kosa Mbili

Sheria ile niliitunga mwenyewe, na kwa muda mrefu niliionea fahari. Katika zoezi la hesabu, mtoto aliyeandika jibu lisilo sahihi alichapwa fimbo mbili kwa kila kosa. Aliyeacha nafasi bila kuandika kitu alichapwa moja. Watoto wenyewe ndio walioifupisha: tupu moja, kosa mbili. Waliambizana hivyo asubuhi wakifagia uwanja, na mgeni akihamia shuleni alifundishwa sheria hiyo kabla hajaonyeshwa choo kilipo.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mwanamke pekee aliyefundisha hesabu katika shule yetu, kando ya barabara ya Dar es Salaam, si mbali na Kibaigwa. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru. Mahindi sasa aliuza kila mtu kwa kila mtu, malori yalipita mchana kutwa, na vumbi lake tulilifuta kwenye ubao kila tulipoingia darasani. Nilikuwa na hasira za karibu, na nilichukia kubahatisha kuliko nilivyochukia ujinga. Mjinga nilimwona mkweli. Anayebahatisha nilimwona mwongo, na nilimchapa kama mwongo.

Mwalimu mkuu aliisifu sheria yangu kwa kuwa madaftari yalikuwa safi. Kumbe watoto walikwisha kupiga hesabu zao: maswali kumi usiyoyajua, ukiyaacha ni fimbo kumi, ukiyajaribu yote ukakosa ni ishirini. Hiyo ndiyo hesabu pekee niliyopata kuifundisha ikaeleweka na darasa zima.

Binti ninayemkumbuka alikaa dawati la tatu, upande wa dirisha. Alikuwa mrefu, mkubwa kuliko wenzake kwa mwaka mmoja au miwili, na katika Kiswahili aliandika insha nzuri mpaka wenzangu wakadhani anasaidiwa nyumbani. Kwenye hesabu daftari lake lilikuwa jeupe. Siku za majaribio alishikwa na tumbo. Viganja vyake vilitoa jasho hadi karatasi ikalowa, naye akaifuta kwa kidole mpaka ikatoboka. Nilimwita mvivu mbele ya wenzake mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka.

Mwanzoni mwa mwaka wake wa darasa la saba, baba yake alikuja shuleni. Alikuwa Mrangi kutoka milima ya Kondoa, mtu mpole, aliyeshuka na familia yake kuyafuata mahindi barabarani. Alivua kofia, akakaa kwenye ukingo wa kiti, akanieleza shida yake. Kulikuwa na mtu sokoni aliyeleta barua ya posa. Alikuwa mtu wa heshima zake, amemzidi binti miaka mingi kidogo, lakini si mtu mbaya.

"Barua nimeipokea, mwalimu, lakini sijaijibu," alisema. "Akichaguliwa kwenda sekondari nitairudisha. Asipochaguliwa, sina la kumwambia mwenzangu mwenye barua."

Nilimuuliza binti mwenyewe anasemaje. Akasema binti anataka shule.

Basi kuanzia wiki ile nilimbakiza kila alasiri. Sikuwa na mbinu yoyote. Nilirudi nyuma tu, nikatafuta mahali alipoanza kupotea. Nilimpa hesabu za darasa la tano, akaacha tupu. Za darasa la nne, tupu. Siku ya tatu nilimpa 618 gawanya kwa 6 nikatoka nje kwa makusudi, na fimbo nikaondoka nayo. Niliporudi alikuwa ameandika 13.

Nilikaa chini. Alijua kugawanya vizuri tu. Asichokijua ni kwamba lile 1 la katikati, likishindwa kugawanyika kwa 6, linadai sifuri mahali pake. Somo hilo lilifundishwa muhula ambao wao walikuwa wakihama kutoka Kondoa, na alipofika kwetu tulikwisha kulipita. Miaka minne kila kilichojengwa juu ya somo hilo kilimwangukia, nami nikamchapa kwa kila kilichoanguka.

Tulikusanya mabua ya uwele, tukayakata mafupi, tukayafunga kumi kumi, kisha mia mia. Nilimwonyesha mafungu ya mia, nikamwonyesha mabua moja moja, na kati yake pengo. Nikamwambia pengo lile lazima liandikwe. Ukiliacha tupu, mia inakuwa kumi, na kila kitu kinapoteza thamani yake. Aliweka kidole kwenye pengo lile. Akasema taratibu, "Kumbe hata pasipo na kitu panaandikwa." Nilifurahi mno, nikahisi nimekuwa mwalimu wa kweli siku ile.

Baada ya hapo alikwenda mbio. Sehemu, asilimia, maeneo, vyote alivimeza. Kwenye zile alasiri sikuwahi kushika fimbo, na tumbo lilimwacha. Nikadhani hofu imekwisha. Asubuhi, darasani, sheria yangu iliendelea kama kawaida, kwa wote, naye akiwemo. Haikunipitia akilini hata mara moja kwamba mtoto yule wa alasiri ndiye yule yule wa asubuhi.

Siku moja kabla ya mtihani wa kumaliza shule nilimwita pembeni. Nilitaka kumpa neno la kumtia nguvu. Nikamwambia, "Fanya yale unayoyajua. Usibahatishe." Akaitikia, "Ndiyo, mwalimu."

Wasimamizi walitoka shule nyingine, kama ilivyo desturi, na sisi walimu wa pale tulitakiwa kukaa mbali na madarasa. Hesabu ilipokwisha alinijia nyuma ya ofisi akiwa ametulia, karibu atabasamu. Nikamwambia anisimulie maswali. Akachukua kijiti, akachuchumaa, akaanza kuyaandika kwenye vumbi na majibu yake. La kwanza sahihi. La pili sahihi. Lile la tangi la maji, lililonisumbua hata mimi niliposimuliwa, alilifanya kwa mistari minne tu. Moyo ulinijaa. Nikamuuliza kama yote hayo ameyaandika vile vile kwenye karatasi.

"Hapana, mwalimu. Kama kumi na saba hivi nimeyaacha."

"Uliyaachaje, na majibu haya hapa?"

"Nilikuwa nayo. Ila sikuwa na hakika."

Aliinua uso akanitazama, akingoja nimsifu. Alikuwa amefanya nilivyomwambia. Nilitaka kumpiga, nasema kweli, na baadaye nilitaka kujipiga mimi. Nilichofanya ni kuyafuta maandishi yale kwa mguu, nikamwambia aende nyumbani akapumzike.

Majina yaliletwa Desemba na kubandikwa ukutani. Siku zile tulipewa majina tu, alama hatukupewa, kwa hiyo sitajua kamwe alipungukiwa na ngapi. Wavulana watatu na msichana mmoja walichaguliwa. Msichana huyo hakuwa yeye. Shule za watu binafsi zilikuwa zimeanza kuchipuka mjini Dodoma, lakini baba yake hakuzitaja, nami sikuthubutu kuzitaja. Aliijibu barua.

Januari niliwatangazia darasa la sita kwamba sheria imefutwa. Nikawaambia waandike chochote, hata wasichokuwa na hakika nacho, hakuna atakayechapwa. Wakanitazama mkononi kwanza. Nilipokusanya madaftari yalikuwa meupe kama zamani, na ilichukua miaka mingine miwili kabla mtoto wa kwanza hajaniandikia kosa kwa ujasiri.

Ndoa ilikuwa mwezi wa pili wa mwaka ule ule. Nilialikwa, nikakaa ndani na wanawake, juu ya mkeka, nyuma yake kidogo. Alikuwa amefunikwa khanga mpya. Wazee wawili walitumwa mlangoni kumuuliza kama ameridhia kuozwa kwa fulani. Hakujibu. Wakauliza mara ya pili, hakujibu. Nilimwona akifungua na kufumba viganja, na kitambaa chini yake kikilowa.

Wakauliza mara ya tatu. Bibi mmoja aliyekaa kando yake akasema mwari hana maneno, kunyamaza kwake ndiyo kuridhia. Wazee wakashukuru, wakarudi nje, na vigelegele vikaanza.

Katika chumba kile nilikuwa mtu pekee niliyemfundisha kunyamaza, na niliyejua kunyamaza kwake maana yake nini. Wazee walikuwa bado hawajafika kwenye jamvi la wanaume, ningeweza kuwaita. Lakini sikuwa na hakika. Nikanyamaza.