Siku Tuliyomshibisha Daktari

Watu wa Wiyoni, mtaa wetu hapa Lamu, husema nina roho mbaya. Sawa, nimekubali. Mdogo wangu Thuraya ndiye mwenye roho nzuri, na roho hiyo nzuri nusura imnyime shahada yake.

Thuraya alikuwa akisomea uzamili wa sayansi ya bahari katika chuo kimoja cha bara. Ndiyo, bahari wanaifundishia bara. Kila akija Lamu hulala kwetu, kisha huvuka hadi Ndau kushinda na wanawake wanaowinda pweza mwambani. Wanawake hao walikubaliana wenyewe kuufunga mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, naye akawa anawahoji na kupima kama wanakua kweli. Alijikata nyayo, jua likamchoma mpaka mama akaanza kuuliza nani atamwoa. Alipomaliza akapeleka kila kitu kwa msimamizi wake, Daktari Bakr.

Daktari akaipokea kazi, akamkabidhi Fadhil, mwanafunzi wake kipenzi, ambaye hajawahi kutia mguu Ndau, aiandike kwa jina lake. Thuraya alipouliza, akajibiwa mbele ya wenzake: "Wewe ulikuwa mkusanyaji tu. Tafuta mada nyingine." Katika darasa lile alikuwa mwanamke peke yake.

Akarudi nyumbani, akajifungia chumbani, akasema anaacha masomo. Mimi nilitaka kupanda basi nikamtemee mtu mate. Mama akanizuia, akamwita Bi Alawiya, profesa wa chuo kingine, mzaliwa wa mtaa wetu, ambaye alikuwa amekuja likizo. Bi Alawiya alimsikiliza Thuraya mpaka mwisho, wala hakumpa pole. Alimwambia kwamba naye aliwahi kuporwa kazi vivyo hivyo, akanyamaza, na mpaka leo moyo unamuuma akiiona ina jina la mtu mwingine.

Siku hiyohiyo akamtia kwenye kundi la simu la wanawake wa pwani wanaosoma sayansi. Subhanallah, kumbe kila mmoja ana Bakr wake! Mmoja alimweleza namna ya kuomba kubadilishiwa msimamizi, mwingine akamsomea sura za tasnifu yake na kumsahihishia, na Bi Alawiya akakubali kumsimamia yeye mwenyewe. Akamfundisha na jambo jingine: waliohojiwa wakiondoa idhini yao, chuo hakiwezi kuikubali kazi hiyo kwa mtu yeyote.

Habari hiyo niliifikisha Ndau mimi mwenyewe, kwa makusudi, kwa Bi Tima, mkubwa wa wawindaji pweza. Alicheka kidogo, akauliza Daktari anakuja lini.

Alikuwa anakuja bamvua lililofuata, siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kiasi, yeye na Fadhil na wafadhili wawili kutoka Nairobi, kuwaonyesha mwamba ili wamwongezee fedha za mradi. Ule mwamba huonekana maji yakikauka asubuhi ya bamvua, tena kwa muda mfupi. Ukichelewa, unatazama bahari tu.

Waliposhuka botini walitukuta mimi, Thuraya na wanawake wa Ndau tumeshatandika mikeka. Palikuwa na mkate wa sinia, mahamri, mbaazi za nazi na samaki wa kupaka. Daktari akatazama saa, akasema wataonja tu kisha watoke.

"Huwezi kutoka kwangu na ndaa, Bwana Daktari," Bi Tima akamwambia, mkono kifuani kama mtu aliyetukanwa.

Kwetu mgeni akisukuma sinia amekuvunjia heshima, na yeye anajua, wazazi wake ni watu wa Pate, kisiwa cha jirani. Akala. Sinia likaondoka, likaja jingine. Nikaleta halua. Thuraya alikuwa anamimina kahawa, na Daktari akamtambulisha kwa wageni kuwa ni binti aliyewasaidia kidogo. Kila akitaka kuinuka, kikombe kinajaa. Jasho lilikuwa linamtoka, nami nilifurahi, wallahi nilifurahi.

Maji yakarudi, mwamba ukazama. Mfadhili mmoja, mama mtu mzima, akaomba basi angalau awasikie wanawake wenyewe. Bi Tima akanawa mikono bila haraka.

"Maneno yetu na pweza wetu tulimpa Thuraya," akasema. "Huyu Fadhil hatumjui. Kama kazi si ya Thuraya, tumeirudisha kwetu, asiitumie mtu."

Yule mama akamgeukia Fadhil, akamuuliza mwamba hufungwa vipi. Fadhil akamgeukia Daktari amjibie.

Leo kazi imerudi kwa Thuraya, chini ya Bi Alawiya, na anayetafuta mada nyingine ni Fadhil. Wapo wanaoniambia tusamehe, yamepita. Wasamehe wao. Mimi nikitaka kulala vizuri huikumbuka gati ya Ndau, wageni wameshapanda boti na wamenuna, Daktari Bakr amebaki nyuma, kikombe cha kahawa bado mkononi, akimsihi mdogo wangu kwa sauti ya chini aende akawaeleze kwamba ni kutoelewana tu, kwani yeye watamsikiliza.

Thuraya alikipokea kikombe kutoka mkononi mwake.

"Mimi ni mkusanyaji tu, Daktari," akamwambia, akaenda kukiosha.