Tyuna ya Mzee Sikio

Pale chuo cha muziki, mtunza ala aliitwa Mzee Sikio, na jina hilo hakupewa kwa kejeli. Alilipata kihalali. Miaka ishirini na sita alikaa kwenye stoo ya ala, chumba chenye dirisha moja na rafu zilizofika darini, akilinganisha nyuzi za magitaa na fidla kwa masikio yake tu. Walimu wazima na vyeti vyao walikuwa wakibishana kama uzi uko juu au chini, kesi inapelekwa stoo. Mzee anaupiga uzi mara moja, anasema uko chini kidogo, ubishi umekwisha. Hapakuwa na rufaa.

Basi sikio la kushoto likaanza kumtupa mkono. Mkewe ndiye aliyegundua, siku aliyokuta birika linapiga filimbi mpaka maji yamekauka, na mzee amekaa pale pale jikoni anasoma gazeti. Alimkokota hadi zahanati. Daktari alimpima, hakuzunguka maneno: la kushoto limekwisha, la kulia liko njiani. Mzee alimwapisha mkewe asimwambie mtu yeyote, hata watoto wao. Aliogopa, na alikuwa na haki ya kuogopa. Mtu aitwe Sikio halafu asisikie, anabaki nani?

Ndipo akaenda duka la ala la mbali, wasikomjua, kutafuta tyuna ya kubana, kile kifaa kidogo kinachoonyesha kama uzi umelingana. Akadanganya kwamba ni ya mjukuu. Mwenye duka, mama wa maneno mengi lakini anayeijua kazi yake, akamwekea tatu mezani. Ya kwanza ilisikiliza kwa maikrofoni. Mzee akaomba redio iwashwe, na ile tyuna ikaanza kuhangaika na redio badala ya gitaa. Akaisukuma kando. Ya pili ilikuwa na kibanio cha plastiki tupu, ambacho kingekwaruza vanishi. Ya tatu ilikuwa ndogo, nyeusi, yenye mpira laini kwenye meno yake. Unaibana kwenye kichwa cha ala, nayo inafuata mtetemo wa mti wenyewe. Redio ipige mpaka ipasuke, haina habari. Kwenye kioo kuna herufi ya sauti na mshale. Mshale ukilala kushoto, uzi uko chini. Ukilala kulia, uko juu. Ukisimama katikati, kioo kinageuka kijani.

Yule mama akamwonya kuhusu kitufe cha pembeni. Kinabadilisha namba ya msingi ya kupimia sauti, ile 440 ambayo hata piano hufuata, kwa hiyo kabla ya kuanza atupie jicho kwenye pembe ya kioo. Mzee akaitikia ndiyo, ndiyo, huku mkono uko mfukoni kulipa. Afundishwe kazi na muuza duka, yeye? Kiburi, bwana, hakina dawa.

Mwaka mzima alifanya kazi mlango ukiwa umefungwa, akiufungua saa ya mapumziko tu. Alijifunza kuibana pale mti ulipo mgumu, kupiga uzi mmoja mmoja taratibu, kutazama herufi kwanza ndipo mshale, na kuupandisha uzi kutoka chini ili usilegee baadaye. Ala zilitoka safi kuliko zamani. Walimu walimsifu kwamba sikio lake halizeeki, na kila aliposifiwa alijiona mwizi.

Sasa, palikuwa na mwanamke mmoja, dobi wa hospitali ya jirani, mwenye mikono iliyochubuka kwa sabuni kali. Miaka mitano alikuwa akija saa ya mapumziko ya mchana, anaazima fidla, anajifunzia kwenye kona ya stoo kati ya makasha. Chuo kilikuwa kinatafuta mwalimu msaidizi wa watoto, na dobi akaomba kufanyiwa mtihani. Akipita, anaagana na mapipa ya kufulia. Akishindwa, basi tena, maana nafasi ilikuwa hiyo moja. Mzee alimpenda kama bintiye, ingawa hakuwahi kumtamkia.

Chuo kilikuwa na sheria yake ya ajabu. Siku ya mtihani mwanafunzi haruhusiwi kugusa vigingi, kwa sababu zamani mmoja alikaza kwa wasiwasi uzi ukamkatikia usoni. Ala inatoka stoo imelinganishwa, unapokea, unapiga. Neno la mwisho la nyuzi lilikuwa la Mzee Sikio.

Asubuhi hiyo mzee aliitoa tyuna kwenye mfuko wa shati, alikokuwa ameichanganya na shada la funguo. Akaikuta imeshawaka yenyewe. Akafurahi kwamba imempunguzia kazi, akabana, akaanza. Alilinganisha magitaa mawili na ile fidla, kwa zote kioo kikawa kijani. Wapiga gitaa, wanafunzi waliokuwa na mtihani wao wa mwaka, walipiga peke yao, wakapita vizuri. Dobi aliingia wa mwisho, yeye na piano.

Alitoka baada ya robo saa, amefunika uso kwa kitambaa chake cha kichwa. Mtahini, mama mkali aliyempigia piano, alikuwa amesema kwamba alikuwa chini ya piano tangu mwanzo hadi mwisho, na mtu wa namna hiyo hafundishi watoto.

Mzee aliingia stoo. Akaiwasha tyuna, na safari hii akatazama pembe ya kioo. 432 badala ya 440, yaani kila uzi ulikuwa umeshushwa. Funguo zilikuwa zimebonyeza kitufe huko mfukoni. Gitaa likiwa peke yake likashuka lote pamoja, nani atajua? Fidla mbele ya piano ni habari nyingine. Mtu mwenye masikio angeshtuka kwa mpigo wa kwanza tu.

Alikaa juu ya kasha. Angeweza kurudisha namba, akafunga stoo, akaenda nyumbani. Hakuna ambaye angeuliza. Na nisimpambe, aliifikiria njia hiyo sawasawa. Kisha akaenda ofisini kwa mkuu wa chuo, akaiweka tyuna mezani, akasema yote, la zahanati na la birika.

Mkuu hakufoka. Alimwomba funguo za stoo, kwa upole ulioumiza kuliko matusi. Mtahini alipoitwa, akakubali kumsikiliza dobi kesho yake, kwa sharti moja: alinganishe nyuzi mwenyewe mbele yao, bila chombo. Ilikuwaje, aliuliza, mtu apige wimbo mzima asisikie kwamba yuko chini?

Swali hilo mzee alilipeleka kwa dobi, mlangoni pa chumba cha kufulia, katikati ya mvuke. Dobi alimaliza kukamua shuka kwanza.

"Nilisikia, Mzee," akasema. "Tangu mpigo wa kwanza. Lakini fidla ilikuwa imetoka kwako. Nikasema basi sikio bovu ni langu."

Mzee akamwambia ameitwa tena kesho, alinganishe nyuzi mwenyewe.

Kesho yake mzee akaruhusiwa kuingia, akakaa kiti cha ukutani. Nyuzi zote nne zilikuwa zimelegezwa makusudi. Mtahini akabonyeza piano. Dobi akashika kigingi, akaupandisha uzi, akapitisha upinde, akapandisha tena. Akasimama. Akageuka, akamtazama mzee kama alivyozoea kumtazama miaka yote mitano.

"Hapo, Mzee?"

Mkuu akamgeukia mzee, na mtahini pia. Mzee alisikia mvumo tu, kitu cha mbali kisicho na juu wala chini. Kuitikia kwa kichwa kungemtia moyo, na pengine uzi ulikuwa umefika kweli. Na kama haujafika, angemzamisha mara ya pili.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Sisikii. Usiniangalie mimi."

 Dobi akampa mgongo, akaomba piano ipigwe tena. Mzee akaona kidole cha mtahini kikishuka, akaona upinde ukienda na kurudi, na kigingi kikisogea nusu ya nusu. Kama uzi ulifika au haukufika, ilimbidi angoje aone kwenye nyuso za mkuu na mtahini.